Nati ya Gurudumu la Kushoto

Msafara ulikuwa uondoke Gumbo kesho yake saa moja asubuhi, na sharti lake lilikuwa moja tu: gari likiharibika njiani halisubiriwi. Wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma, magari ya raia katikati, kilomita karibu mia mbili mpaka Nimule. Anayesimama anabaki na Mungu wake. Ilikuwa Julai ya mwaka elfu mbili na kumi na sita, risasi zilikuwa zimenyamaza Juba wiki mbili tu zilizopita, na hakuna aliyeliona sharti hilo kuwa kali.

Keji alilisikia likitangazwa kanisani baada ya misa. Tangu hapo alikuwa akiwaza kitu kimoja, magurudumu ya trela.

Trela lilikuwa la marehemu mume wake, Marino, aliyekuwa dereva wa misheni. Alilichomelea Arua kwa ekseli ya gari kuukuu, na ndilo lililobeba vyombo vyao waliporudi kutoka ukimbizini. Sasa Marino alikuwa na miaka mitatu kaburini, na trela lilikaa uani kwa Keji, Lemon Gaba, likinyeshewa, likitolewa mara moja moja kubeba mapipa ya maji. Kesho lilitakiwa kumbeba Teresina, mama mkwe wake, aliyekaa mjini ng'ambo ya mto. Nyonga ya bibi huyo ilivunjika wakati wa Pasaka na hakuweza kuketi. Alikuwa mtu wa kulala chali. Nyuma ya pikapu walikwisha kupangwa watu kumi na mmoja, goti kwa goti, hakuna mahali pa kumlaza mtu. Kwa hiyo Mama angelala kwenye godoro ndani ya trela, Keji akiwa ubavuni mwake. Na gurudumu likigoma, trela ndilo litakalofunguliwa na kuachwa barabarani.

Pikapu ilikuwa ya Lokosang, mdogo wake Marino. Alifika baada ya chakula cha mchana na jeki, spana na kipande cha bomba la chuma. Alikuwa na Tombe, jirani aliyepata nafasi kwenye pikapu, ambaye alikaa kivulini na kuanza kutoa ushauri.

"Mama Gune," Lokosang alimwita Keji kwa jina la mwanawe wa kwanza, "hii trela imekunywa mvua ngapi?"

"Zote, shemeji. Hakuna aliyeifunika."

"Basi tufungue tuone."

Alifungua vizuri, mtu asimseme. Aliinua trela kwa jeki, akang'oa kifuniko cha katikati ya gurudumu, akanyoosha pini inayozuia nati isijifungue na kuichomoa, akafungua nati yenyewe, akavuta gurudumu lote na beringi zake. Grisi ya ndani ilikuwa imekauka, nyeusi, kama ukoko wa sufuria.

"Kuosha ni kazi yenu," alisema, akamsukumia Keji beseni.

"Na kula ni kazi yenu," Keji alijibu, akamimina mafuta ya taa.

Aliziosha beringi kwa mswaki wa zamani. Za gurudumu la kulia alizipanga upande mmoja wa gunia, za kushoto upande mwingine, wala hakuzichanganya, kwa sababu kila beringi imezoeana na kikombe inamozungukia. Hilo hakuambiwa na mtu siku hiyo. Miaka kumi na minane alikuwa amemshikia Marino tochi, na mshika tochi huona kila anachokiona fundi, tena bila kuchafuka mikono. Alizifuta mpaka zikakauka, akazizungusha karibu na sikio, akapitisha ukucha juu ya vyuma vyake vidogo kimoja kimoja. Hakuna kilichochimbika. Hakuna kilichogeuka buluu kwa joto.

Halafu alichota bonge la grisi akaliweka kwenye kiganja cha kushoto, akashika beringi kwa mkono wa kulia na kuikandamiza ukingoni, tena na tena, mpaka grisi ikaingia chini na kutokea juu katikati ya vyuma.

Lokosang alisimama akimtazama. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Ndugu yako."

"Mimi nilidhani alikuwa anakufundisha rozari."

"Hiyo nilimfundisha mimi."

Tombe alicheka kivulini. Mpaka hapo kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na Keji alianza kuona njia ya Nimule ikifunguka.

Lokosang alirudisha gurudumu la kulia, akafunga nati. Halafu akachukua kile kipande cha bomba, akakivika kwenye mkono wa spana ili upate urefu, akavuta kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Keji alingoja airudishe nati nyuma kidogo. Lokosang hakurudisha. Aligonga pini mpya, akaipinda, akahamia kushoto. Huko alipanda juu ya bomba lenyewe kwa mguu, akalikanyaga kwa uzito wake wote.

"Shemeji," Keji alisema taratibu, "Marino alikuwa akishakaza, anailegeza. Halafu anaifunga tena kwa vidole tu."

"Marino alikuwa anabeba mapadre. Padre ni mwepesi, amefunga siku arobaini." Tombe alicheka tena, na Lokosang akapata nguvu. "Hii ni barabara ya vita, Mama Gune. Hapa kila kitu mimi nakaza. Khalas."

Akapinda pini. Imekwisha.

Keji hakuendelea. Alimjua Lokosang. Hakuwa mtu mbaya, wala si kiburi peke yake kilichokuwa kikikanyaga lile bomba. Mwaka wa kwanza wa vita, akikimbia kutoka Bor, gurudumu lilimtoka njiani. Rafiki yake Emilio alibaki kulinda gari, Lokosang akaenda kutafuta nati, na aliporudi hakukuta gari wala Emilio. Tangu siku hiyo alikuwa anakaza kila kitu. Nyumbani kwake vifuniko vya madumu ya maji watoto walivifungua kwa meno. Mtu kama huyo ukimwambia legeza, mbele ya jirani anayecheka, atasema tafuteni gari lingine. Na gari lingine halikuwepo.

Lakini Keji alijua pia nati iliyobanwa hivyo inafanya nini. Vyuma havipati nafasi ya kuzunguka, vinasagana, vinapata moto, grisi inayeyuka na kumwagika, na mbele ya safari gurudumu linang'ang'ana palepale. Labda Nesitu, labda mbele ya Nesitu.

Aliingia ndani kunawa mikono. Grisi haitoki upesi, basi alisali fungu moja la rozari akiwa anasugua. Hakuomba muujiza. Aliomba neno la kusema, na kama neno hakuna, basi njia. Alipotoka, njia alikuwa nayo.

"Shemeji, Mama tusimngoje kesho. Kumtoa kwake Juba Na Bari asubuhi, daraja limejaa, yeye na nyonga yake, tutamrusha kama gunia. Twende tukampakie leo taratibu, alale hapa. Na twende na trela, azoee."

Lokosang alifikiri kuhusu dizeli, akafikiri kuhusu mama yake, akakubali.

Keji alipanda ndani ya trela, akakalia godoro. Tombe alimwambia mbele kuna kiti. Alisema anataka hewa. Alichotaka ni masikio. Kutoka Lemon Gaba kwenda mjini, upande wa kulia ulivuma sawasawa. Upande wa kushoto haukuvuma kitu kwa muda, halafu ukaanza kunung'unika chini chini, na walipokaribia mto alisikia harufu, ile ya kikaango kilichosahauliwa mekoni.

Nyumbani kwa Mama, jirani yake Betty alitoka kuwapokea, watu wakaingia ndani, salamu zikawa ndefu. Keji alibaki nje. Aliinama, akagusa katikati ya gurudumu la kulia kwa mgongo wa mkono. Joto, lakini la kuvumilika, kama glasi ya chai. Alipogusa la kushoto aliurudisha mkono mara moja. Nyuma ya gurudumu grisi ilikuwa imeanza kutoa machozi.

Sasa alikuwa na ushahidi. Angeweza kumwita Lokosang mbele ya Betty na Tombe, waweke mikono, mama yake mzazi akisikia kutoka ndani, na hapo asingekuwa na la kujibu. Keji alikaa kwenye jiwe akangoja. Ilipita kama robo saa. Lokosang alipotoka peke yake kuangalia ndoano ya trela, ndipo alipomwita.

"Shemeji, njoo. Weka mkono hapa."

Aliweka. Akautoa, akapuliza vidole.

"Ni breki," alisema.

"Hii trela haina breki."

Lokosang alichuchumaa. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini sana, si ile ya Lemon Gaba.

"Ikilegea je? Ile ya Bor ililegea, Mama Gune. Emilio mwenyewe aliikaza, kwa mkono tu."

Keji hakuwahi kumsikia akilitaja jina hilo.

"Ilikuwa na pini?"

"Pini tulikosa. Tulifunga waya."

"Basi kilichokatika ni waya. Mkono wa Emilio haukuwa na kosa, na wako pia." Keji alifuta mgongo wa mkono wake kwenye kanga. "Nati haishikwi na nguvu. Inashikwa na pini. Na wewe pini unazo."

Alikuwa nazo kweli. Mtu mwenye hofu hutembea na akiba, na Lokosang alikuwa na mfuko mzima wa pini mpya chini ya kiti cha dereva. Alikwenda kuuleta, akaleta na jeki.

Walingoja chuma kipoe. Walipofungua, grisi ilikuwa imekuwa nyepesi kama mafuta ya kupikia, lakini vyuma vilikuwa bado vyeupe, havikupata buluu. Keji alivifuta akavitazama kwenye mwanga, akasema "Asante Yesu" kwa sauti ya kawaida, akavishindilia grisi upya. Lokosang alirudisha gurudumu. Mara hii alikaza nati huku Keji akilizungusha gurudumu kwa mkono wake, mpaka likawa zito. Halafu akailegeza. Halafu akaweka spana chini na kuifunga kwa vidole, kama mtu anayefunga chupa ya dawa.

Matundu ya pini hayakukutana. Yalikuwa yamepishana kidogo tu, upana wa njiti ya kiberiti.

"Nikisogeza mbele kidogo, yanakutana," Lokosang alisema, na mkono ukaenda kwenye spana.

"Nyuma pia yanakutana."

Mkono ulibaki pale juu ya spana. Keji aliona kidole gumba kikitafuta mahali pa kushika. Alikwisha kusema yote aliyokuwa nayo, na lililobaki halikuwa lake.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mama Teresina: "Nyinyi huko nje, mnatengeneza ndege?"

"Tunakuja, Mama," Lokosang alijibu, akaigeuza nati nyuma. Matundu yakakutana. Pini iliingia, akaipinda, akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja. Lilizunguka, likazunguka, likakataa kusimama. Alilishika juu na chini akalitikisa, akasikiliza, akatikisa tena.

"Iko sawa?" Keji aliuliza.

"Iko sawa." Halafu, bila kuambiwa, alihamisha jeki akaenda kufungua la kulia.

Walimpakia Mama kwa shuka, watu wanne, kila mmoja kona yake, naye akiwagombeza wote kwa majina yao ya ubatizo. Waliporudi Lemon Gaba Keji aligusa magurudumu yote mawili. Joto lake lilikuwa sawa na la mkono wake.

Asubuhi walikuwa Gumbo kabla ya saa moja. Mbele ya Nesitu walipita gari dogo lililosimama ukingoni, boneti juu, mwanamume na wanawake wawili wakiwa wamekaa juu ya mizigo yao. Msafara haukupunguza mwendo. Keji alifanya ishara ya msalaba na kuwataja watu wale mbele za Mungu, kwa kuwa majina yao hakuyajua. Mama alimuuliza amemwona nani. Alisema, "Watu, Mama," akamfunika miguu.

Wanajeshi waliposimamisha magari kwa dakika kumi ili watu waende vichakani, Lokosang hakwenda kichakani. Alizunguka trela, akagusa kushoto, akagusa kulia, akarudi kwenye usukani.

"Anatafuta nini huyo?" Mama aliuliza.

"Anasalimia magurudumu."

"Mimi hajanisalimia tangu asubuhi."

Waliingia Nimule saa nane mchana. Watu walishuka kwenye pikapu wakijinyoosha, wengine wakipiga magoti papo hapo kwenye vumbi. Keji alimpa Mama maji kwa kijiko, kwa sababu kulala chali na kikombe havielewani, na alipokuwa akimfuta kidevu alisikia mabishano nyuma yao. Dereva mmoja wa lori dogo alikuwa amevua shati, anapepea gurudumu lake la mbele lililokuwa likitoa moshi. Lokosang alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Umekaza sana, ndugu yangu."

"Barabara ni mbaya. Lazima nikaze."

"Barabara mbaya siyo kazi ya nati. Ni kazi ya pini. Unakaza, unalegeza, unafunga kwa vidole. Tundu likikataa, unarudi nyuma, huendi mbele. Umesikia? Nyuma."

"Wewe ulijifunza wapi?"

"Arua," Lokosang alisema. "Gereji kubwa."

Mama Teresina alisukuma kijiko pembeni. "Huyo Lokosang anasema nini?"

"Anamsaidia mtu," Keji alisema, akachota kijiko kingine. "Kunywa, Mama."