Bi Mkasi Ajaribu Kuwa Mahututi

Nguo haikutoka kwa Bi Mkasi bila kujaribiwa. Uwe bibi harusi au bosi wa mabosi, ungesimama mbele ya kioo chake umevishwa nguo iliyopigwa bandi, ile mishono ya muda ya kujaribia, pini zikikuchoma mbavuni, huku yeye akikuzunguka na kukuambia ukweli kuhusu kiuno chako. Jina hilo alipewa na wateja, na mkasi wenyewe ulisingiziwa tu. Kilichokata zaidi kilikuwa ulimi.

Basi daktari alipomwambia kwamba Jumatatu atapasuliwa tumbo kutolewa uvimbe, na kwamba achague mtu mmoja wa kusema kwa niaba yake ikitokea yeye mwenyewe hawezi, Bi Mkasi hakulia. Alirudi nyumbani akawaita wanawe watatu. Alitaka wajaribiwe.

"Mama, acha uchuro!" alisema wa kwanza, aliyeitwa Mwenyekiti tangu shuleni, kwa kuwa hakuwahi kuingia kwenye kikao asikiongoze. "Utatoka salama. Mambo haya tusiyaguse."

"Kwani kifo kitapiga hodi kisubiri wewe ufungue kikao? Kaa chini."

Akakaa. Bi Mkasi akaanza na mepesi. Vitambaa vya kabati la kushoto vina wenyewe, ni vya wateja. Asitokee mtu kuvigawa kama mirathi. Cherehani kubwa haiazimwi, hata aje malaika. Na mazishini yule jirani mpenda hotuba asikabidhiwe kipaza sauti, maana siku hiyo hakutakuwa na mtu wa kumkatiza.

"Nitamzimia umeme," alisema kitinda mimba, akacheka peke yake. Huyu alikuwa fundi simu, na mzaha kwake ulikuwa kama pumzi.

"Na huyu naye," mama aliguna. Kitinda mimba hakuwamo kabisa katika hesabu zake. Msemaji wake angekuwa Mwenyekiti, hilo alikwisha kuliamua. Alitaka tu kumwona mbele ya kioo kwanza.

"Sasa sikilizeni. Nikifika mahali mashine ndiyo inanipumulia, na daktari anasema sitaamka tena, msining'ang'anie. Mniache niende. Mmesikia?"

Wakaitikia kwa haraka, kama watu wanaotaka mazungumzo yaishe.

"Haya. Mimi sasa ni mahututi." Akajilaza kwenye kochi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akafumba macho.

Binti yake wa kati, mwalimu, ndiye aliyefanywa daktari. Alivaa koti jeupe la mteja, ambalo halijaisha kushonwa. "Ndugu wa mgonjwa," alisema kwa upole. "Aa! Pini! Ndugu wa mgonjwa, tumejitahidi, lakini mama hataamka. Mwenyewe angetaka tufanye nini?"

Mwenyekiti alisimama, akanyoosha shati. "Kwanza, namshukuru daktari na jopo lake. Pili, mashine iendelee. Iendelee mwaka mzima! Kama moja haitoshi, leteni ya pili. Nitauza gari!"

Mahututi akaketi. "Nimesema nini mimi sasa hivi?"

"Mama, mahututi hasemi," mwalimu alimkumbusha.

"Huyu anasema! Rudieni!"

Wakarudia. Safari hii Mwenyekiti alilia kabla swali halijaisha, akaishika miguu ya mama yake kama mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza. Mara ya tatu aliomba hoja iahirishwe, kisha akatoka kwenda kunawa uso. Bi Mkasi alimwonea huruma. Mtoto wa watu alikuwa na mvi tayari, na hapakuwa na jambo la familia lililowahi kumshinda isipokuwa hili.

Kitinda mimba akavuta kigoda. Mama, macho yamefumbwa, alisubiri mzaha; hata jibu la kumkata alikuwa nalo tayari. Lakini alichosikia ni mkono wake kushikwa.

"Daktari," kitinda mimba alisema, "mama yangu hajawahi kukaa kimya kiasi hiki. Ameshachoka. Zimeni mashine."

"Una hakika?" mwalimu aliuliza.

"Sina. Ningeweza ningemng'ang'ania mpaka anitukane. Lakini alituambia akiwa na akili zake timamu. Mwacheni aende. Mimi sitauachia mkono huu mpaka mwisho."

Bi Mkasi alipaswa kufurahi, maana hicho ndicho alichoagiza, kipimo kwa kipimo. Badala yake kilimuuma sana, na machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Akainuka akampiga mwanawe kofi la begani.

"Yaani upesi hivyo? Mama yako nimekuchosha?"

"Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema! Lakini..." Akautazama mkono ulioshika wake. Ulikuwa bado haujamwachia, na kitinda mimba alikuwa ameinamisha uso ili dada yake asimwone. Kumbe hata kwake haikuwa rahisi. Amejilazimisha tu, kwa sababu ndiye aliyemsikia.

Jumatatu asubuhi, wodini, daktari alisimama kando ya kitanda akauliza ni nani atakayemsemea mgonjwa. Mwenyekiti alinyoosha shati kwa mazoea. Mama akamtazama, yeye akamtazama mama, kisha akasogea pembeni mwenyewe, akamsukuma mdogo wake mbele kwa kiganja mgongoni. Usoni alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ni huyu hapa," alisema Bi Mkasi.

Daktari akaitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka. Bi Mkasi akamvuta koti.

"Ila nakuomba, daktari," alimnong'oneza, "usimwulize mapema."