Shusha Kioo Kidogo

...juu zaidi, alijisemea Tekeste, kidole kimoja tu juu zaidi, na kioo hiki hakitamulika kitu ila dari na globu na ule mstari ambapo chokaa mpya imekutana na boriti, kitapendeza huko, kitakuwa kama dirisha dogo la mbinguni, na hakuna uso wa mtu utakaokifikia, akajinyoosha juu ya kigoda cha cherehani mpaka magoti yakalia, mikono yote miwili imeshika fremu ya mti mzito, misumari mitatu imebanwa midomoni kama alivyobana pini dukani kwake miaka arobaini na mmoja, na nyuma yake mkewe Abrehet, aliyeketi kwenye kiti kifupi mbele ya jiko la mkaa akikaanga kahawa, akasema kwa ile sauti yake ya sasa, ya polepole, inayotokea upande mmoja wa mdomo, "Shusha kidogo," naye akajibu mmh, maana mtu mwenye misumari mdomoni hadaiwi maneno, akashusha upana wa uzi, labda nyuzi mbili, akasubiri, "Tekeste, nimesema shusha, hapo atajitazama nani, malaika?" ndiyo, waache malaika wajitazame, wao nyuso zao hazina neno, wao hawakuamka asubuhi ya mwezi wa tatu wakaenda jikoni kukoroga mchuzi wa shiro na kijiko kikawaponyoka... usiikumbuke hiyo sasa, kumbuka ukuta, angalia ukuta ulivyopendeza, Mariam na Mwanawe juu katikati kama inavyopaswa, chini yake picha ya harusi, Abrehet na misuko yake na dhahabu ya kuazima, yeye Tekeste na suti aliyoishona mwenyewe kwa siku tisa, kola imelala vizuri hadi leo, kushoto Semhar, binti yao wa pekee, na joho la chuo na kofia iliyokaa upande, kulia marehemu baba mkwe na baiskeli yake, amesimama nayo kama mtu aliyesimama na farasi, halafu kile kioo kidogo cha duara ambacho tayari amekipigilia juu kabisa karibu na waya wa taa, na hicho nacho Abrehet amekiona, akacheka puani, na sasa kimebaki hiki kikubwa, ambacho Tekeste angependa kidondoke kivunjike na yeye aape kwamba mkono uliteleza, lakini mkono wa fundi cherehani hautelezi, kila mtu wa mtaa wa Geza Banda anajua hivyo, kwa hiyo atafanyaje.

Ilikuwa Alhamisi, na Jumapili ni ubatizo wa mtoto wa Semhar, siku yake ya arobaini, mjukuu wao wa kwanza, na wakitoka kanisani watu wote wanakuja hapa kula, ndiyo maana nyumba imepakwa chokaa na picha ziliteremshwa zikalala wiki nzima kitandani kwa wageni, na Abrehet hajasema kama atakaa na watu sebuleni au atabaki chumbani, Semhar ameuliza mara mbili kwa simu, "Baba, mama atatoka?" naye akajibu tutaona, mwanangu, tutaona, usimbane mama yako, kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameshaona, alikuwa ameshapanga kiti cha kuegemea kule chumbani na meza ndogo, aletewe chakula huko, aletewe mtoto huko, mlango urudishwe... "Kulia kwako kimeinama," akasema Abrehet, na kahawa ikaanza kupasuka kwenye kikaango, pa, pa, moshi ukapanda hadi kwenye pua yake, akaisawazisha fremu, mmh, asubuhi ile kijiko kilimponyoka Abrehet, akageuka kumwita yeye Tekeste na likatoka jina ambalo si jina, na upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeshuka kama upindo uliofumuka, jicho, shavu, pembe ya mdomo, vyote vimeachia kwa pamoja, na alichofikiri Tekeste wakati ule, Mungu amsamehe, ni kwamba angekuwa na sindano angeushona pale pale kabla mwenyewe hajajua, haraka haraka, mishono ya ndani, isionekane. Daktari alisema mkono utarudi, ulimi utarudi, uso tuuache tuone, na mkono umerudi kweli, ndio huo unatikisa kikaango, ulimi nao unarudi, lakini uso... na siku ile anamrudisha kutoka hospitali alimwacha kwa jirani dakika kumi, akasema anakwenda kufungua madirisha hewa iingie, akaingia mbio kama mwizi, akang'oa kioo cha duara juu ya sinki, akabeba hiki kikubwa akakivingirisha blanketi akakisukuma nyuma ya kabati la nguo, kopo la poda lenye kioo kifunikoni likaingia mfukoni mwa koti, hata sinia la shaba la chai alilitandikia kitambaa kwa sababu linang'aa, na Abrehet aliingia nyumbani akaketi, akazungusha macho ukuta hadi ukuta, akaomba maji, basi, hakuuliza kioo kiko wapi siku hiyo wala kesho yake, miezi minne, na Tekeste akajipongeza kimoyomoyo, akasema nimemwepushia, mpaka leo asubuhi, anamenya yai, mkewe akasema kama anayeomba chumvi, "Leo tutundike picha. Na vioo. Kile kikubwa kiko nyuma ya kabati la nguo," naye akaliacha yai na ganda nusu.

Amejuaje, akajiuliza, Semhar amemwambia, hapana, Semhar hajui, labda kitana kilimwanguka kikateleza huko, na akiwa juu ya kigoda akaanza kukisihi kioo chenyewe, wewe tunafahamiana, wewe ulikuwa wa sinyora, yule mama wa Kitaliano, aliyekuuza siku alipofungasha kurudi kwao, ukaja dukani, umesimama na mimi wateja wangapi, na wewe na mimi tunajua kwamba kioo husema uongo kikiombwa vizuri, ukikiwekea kipande cha gome la mti chini nyuma kikaegemea kidogo mtu mfupi hurefuka, ukikigeuza kwenye mwanga wa dirisha kitambi hupungua, wangapi walitoka pale wamenyoosha vifua kwa ajili ya kipande cha gome, basi na leo fanya hivyo, nikuweke karibu na dirisha mwanga umwangukie kulia, kushoto kubaki kivulini, nikuinamishe, nikufanyeje... akajionea haya, kwa sababu wale walikuwa watu wa suruali na koti, huyu ni Abrehet. "Teremka," akasema Abrehet. Mmh? "Teremka kwenye kigoda, Tekeste, utaniangukia na mimi sina mkono wa kukudaka," na akasikia kikaango kikiepuliwa, kikiwekwa sakafuni, kiti kifupi kikisukumwa nyuma, ndala zikija, akateremka kwa sababu alikuwa anaogopa kumwona akija bila yeye kuwa ameteremka, mguu mmoja, mguu wa pili, kioo kimebanwa ukutani kwa viganja, sasa kiko mbele ya kifua chake, na ndani yake anajiona mwenyewe, mzee mwenye misumari mdomoni kama paka aliyemla panya asimmalize, na nyuma ya bega lake weupe wa netsela, mtandio wa Abrehet, ukikaribia, akafunga macho. Alifunga macho kweli. Mtu mzima wa miaka sitini na tisa.

"Kila asubuhi ukienda kuchukua mkate mimi nakitoa," Abrehet alisema, mgongoni pake, karibu. Mmh? "Nini mmh. Ulidhani lile blanketi linajikunja lenyewe? Wewe unakunja kama unakunja kitambaa cha suti, kona kwa kona. Mimi nakunja nionavyo," na Tekeste, macho yamefungwa, akaliona blanketi, kweli, mara mbili tatu alichungulia nyuma ya kabati kuhakikisha akaliona limekaa vingine, akasema nazeeka, nasahau mikono yangu mwenyewe ilifanya nini, kumbe, na ule mkate, ukipanga foleni ukapata, ukapitia baa kunywa kahawa ya makiato na marafiki akina Zerai, ni saa nzima, saa na robo, siku mia na ngapi hizo. "Nakiegemeza kitandani nakaa mbele yake. Pa, pe, pi. Ba, be, bi. Daktari ndiye aliniambia, mbele ya kioo, uone mdomo unakwenda wapi, siku ile ulipotoka kutafuta dawa. Sikiliza," akavuta pumzi, "Petros," na herufi ya kwanza ikapasuka safi, nzima, kama mbegu ya kahawa, "Petros. Umesikia? Jina wamelichagua la kunikomesha, lakini nimelipata. Au ulitaka nimwite mjukuu wangu Etros?" na akacheka, ile ya puani, na misumari ikaanza kugongana midomoni mwa Tekeste, ikilia chiki chiki, hakuweza kuizuia wala kuitema, mikono imeshika kioo, hakuweza hata kujipangusa machozi, miezi minne alitembea kwa vidole ndani ya nyumba hii akilinda siri kwa mtu aliyekuwa nayo siku zote mikononi.

Halafu akasikia kitu kikipita chini ya kwapa lake, netsela, bega, nywele zenye moshi wa kahawa, Abrehet ameinama akaingia kati yake na kioo, amesimama pale ndani ya mikono yake miwili, na vidole vyake, vile vya kushoto ambavyo bado vinachelewa, vikamfikia mdomoni, vikauchomoa msumari wa kwanza, vikatafuta wa pili, vikauangusha, wa tatu. "Haya, sasa sema." Mdomo ulikuwa mtupu, akasema, "Mbona hukuniambia?" "Ningekuambia vipi? Nikikutazama unatazama sukari. Mezani unakaa kulia kwangu. Kwenye kahawa, kulia. Kitandani umehama, Tekeste, miaka yote unalala kushoto, tangu mwezi wa tatu umehamia kulia, umesema ni mgongo. Watu wakija kunisalimu unawaambia mlangoni nimelala, mimi nasikia, nimekaa humu na mafuta nimejipaka. Mimi silali. Wewe ndiye unanilaza." Hakumkaripia, ndicho kilichomuuma, aliyasema kama anamhesabia mambo ya safari waliyokwenda pamoja. "Nilidhani... nilidhani nakuepushia wewe," akasema Tekeste. "Najua. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilisema acha nimngoje, yeye ndiye aliyeumizwa zaidi. Lakini Jumapili imefika na siwezi kukungoja tena. Fungua macho, mzee, utanivunjia kioo."

Akafungua, Abrehet ameshakigeukia kioo, na kwanza hakuelewa, kwa sababu nyuso mbili zilikuwa mle, wa kwake juu na wa Abrehet chini ya kidevu chake, na kila mtu amekaa sawa na alivyo ila mpangilio si ule aliouzoea, shavu lililoshuka alikuwa amejifunza kulikwepa upande mmoja, macho yake yanajua njia ya kulizunguka, na kioo kimelihamisha, kimeliweka pale ambapo siku zote alikuwa akitazama, kwa hiyo alilitazama kabla hajawahi kujizuia. Jicho la kushoto lina maji kidogo. Pembe ya mdomo imelala, ina mkunjo mmoja mpya ambao haukuwepo, mwembamba, kama mshono wa mkono. Akakumbuka kwamba hata mara ya kwanza alimwona ndani ya kioo hiki hiki, kijana fundi anampima msichana aliyeletwa na shangazi, haifai kumkodolea macho, kwa hiyo unatazama kioo, na msichana akamwambia mbele ya shangazi mtu, "Kiuno hicho umeshakipima mara tatu, fundi, au kinakua?" na sasa yule yule ndani ya kioo anamtazama yeye, si uso wake mwenyewe, hata kidogo, uso wake ameshamalizana nao kitambo, anamtazama Tekeste kuona atafanya nini. Akaendelea kutazama. Mikono ilikuwa inawaka moto mabegani, akaendelea. Nje muuza vitunguu aliita, akaitikiwa, "Ngoja nivae viatu!"

"Nitakaa hapa chini ya kioo," akasema Abrehet, "kiti kile cha mbao ukilete. Mtoto nitampakata mwenyewe, huku kushoto, mkono unaweza. Na usiseme nimelala." "Sisemi." "Na kioo kibaki hapo hapo kilipo, usikipandishe tena kisirisiri," na Tekeste akaona kwamba yeye mwenyewe hana haraka ya kupiga msumari, kwamba akipiga msumari itabidi atoe mikono na Abrehet atoke, arudi kwenye kahawa, akabaki ameegemeza kioo ukutani kwa viganja viwili, kidevu kimegusa nywele zake, na akamfikiria yule mtoto wa siku thelathini na saba, ambaye macho yake ndiyo kwanza yanajifunza kushika kitu, Jumapili atainuliwa mpaka kwenye uso huu, hiki kidevu, hili jicho lenye maji, huu mdomo unaopanda upande mmoja tu ukicheka, na Petros atautazama, ataushika kwa vidole, atauvuta, na hatakuwa na mwingine wa kuulinganisha nao, kwake yeye huu ndio utakuwa uso wa bibi, mzima, tangu mwanzo, na akikua, siku moja akioneshwa ile picha ya harusi ukutani atauliza, huyu msichana ni nani.