Makoti Thelathini na Moja ya Shangazi Rimma

Meneja wa ukumbi wa mji wetu, Arkadi Semyonovich, hapendi kuingia ndani kuhesabu watu, maana akiingia itabidi asikilize. Yeye anahesabu makoti yaliyotundikwa pale mlangoni. Januari kwetu hakuna anayetoka bila koti, wala anayeruhusiwa kuingia nalo ukumbini, kwa hiyo hesabu yake haikosei. Basi akamwambia Shangazi Rimma: Jumamosi makoti yasipofika thelathini, kikundi chenu cha opera kinatoka, wanaingia watu wa mazoezi ya kupunguza vitambi.

Na Shangazi, miaka kumi na tisa kaimba nyuma ya wenzake, ndiyo kwanza kapewa nafasi ya mbele. Opera yenyewe hata sisi Warusi hatuijui. Mjane wa mwenye kinu cha kusagia unga anapendwa na mzimu wa mto, wanabishana kwa saa mbili na nusu, mjane anakufa. Muziki ni piano moja, na mzimu ni daktari wetu wa meno.

Bibi, mama yake Shangazi, akaniambia pembeni, "Watu siwezi kuahidi. Makoti nitaleta."

Jumamosi saa saba mchana akanipitisha mlango kwa mlango jengo letu zima. "Nipe koti mwanangu, nikalianike hewani, nondo wameingia." Nani atabishana na Bibi? Tukayafunga kwenye ubao wa kutelezea wa watoto, tukaburuta kwenye theluji hadi ukumbini. Faina Lvovna, mtunza makoti, akayatundika bila kuuliza, akampa Bibi vibao vyote vya namba. Mfuko ukawa unalia kama njuga.

Makoti thelathini na moja kwa jumla. Watu watano, mmoja kaja kuota joto.

Shangazi alishaambiwa hesabu ya makoti, akadhani ni watu, akapaka midomo upya. Pazia lilipofunguka akaviona viti. Aliimba, lakini sauti kama ya mtu anayeomba radhi. Mimi nikashindwa, nikatoka mlangoni.

Nikamkuta Prokhor, fundi bomba wa jengo letu, kajifunga blanketi. Kafuata alama za ubao.

"Mama Faina, nipe koti. Zamu yangu saa kumi."

"Kibao?"

"Anacho yule bibi."

"Basi subiri. Onyesho likianza makoti hayatoki mpaka liishe."

"Lakini lile pale, la kijivu."

"Hata mimi naliona. Ingia ukae."

Nyuma yake wakaja wengine, mmoja na shuka, mwingine na pazia la bafuni. Wote Faina akawasukumia ndani. Prokhor akaketi ubavuni mwa Bibi.

"Bibi, kibao."

"Nyamaza, anakaribia kufa."

"Atakufa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, akijitahidi."

Shangazi akaona safu zinajaa watu wamenuna. Akawaimbia kama anawajibu. Mpaka mzimu akarudi nyuma hatua mbili.

Pazia lilipofungwa Bibi akagawa vibao, Shangazi akatoka mbele ya pazia, Arkadi akaja na karatasi. "Thelathini na moja. Mnabaki."

Shangazi hata hakugeuka. Alikuwa anamwangalia Prokhor, koti mkononi, hajalivaa.

"Zamu imekupita," akamwambia.

"Imepita zamani. Ila huyu daktari ulimkatalia nini? Ana kazi nzuri."

Shangazi akaketi ukingoni mwa jukwaa akaanza kumweleza. Wengine wakasogea, na mablanketi yao. Arkadi akazima taa, akawasha, akazima tena. Hakuna aliyenyanyuka.