Kichwa Kimoja Kilichomshinda Kinyozi

Mtaa mzima ulikuwa umepita chini ya mikono ya Kinyozi. Alinyoa mabwana harusi wenye wasiwasi, wazee waliosinzia kitini wakaamka wamekuwa vijana, na watoto wachanga ambao mama zao walilia kuwazidi wao. Kichwa kimoja tu ndicho kilichomshinda, nacho kilikula na kulala nyumbani kwake.

Kilikuwa kichwa cha binti yake. Walimwita Nyuki kwa sababu alivuma mchana kutwa, mvumo mmoja mwembamba uliotoka puani, usio na mwanzo wala mwisho. Daktari alisema mtoto ana usonji. Maneno yake yalikuwa matatu: “maji”, “feni” na “basi”. Hilo la mwisho alilitumia kwa chochote kilichomchosha, wageni wakiwemo.

Dukani kwa baba yake Nyuki alipapenda. Palikuwa na feni ya darini iliyozunguka polepole, na vioo viwili vilivyotazamana, hata ukiketi katikati unajiona wewe, na nyuma yako wewe, na nyuma yake tena wewe, mpaka unakuwa mdogo kama punje na kupotea. Nyuki alikaa pale akijitazama anavyokwenda mbali. Alikuwa na raha zake. Lakini kila baba alipojiandaa kumnyoa, kufumba na kufumbua mtoto yuko chini ya benchi, anapiga mayowe ya kupasua kuta.

Basi Mama Nyuki akawa anamvizia mwanawe akilala mchana, mkasi mkononi. Leo upande huu, kesho upande ule. Kichwa kikabaki kama shamba lililoingiliwa na mbuzi, na kwa kuwa binadamu hawakosi la kusema, wateja walisema. “Kinyozi hajinyoi!” walicheka. Kinyozi alicheka nao. Ilimuuma, lakini alicheka.

Si nywele zilizomuuma. Kilichomuuma ni kwamba siku hizi hata nyumbani, akinyoosha mkono amguse tu kichwa, Nyuki alikunja shingo na kusogea. Mtoto alilishwa na mama, akaogeshwa na mama. Baba alibaki mlangoni na mikono yake iliyosifiwa mtaa mzima, hajui aiweke wapi.

Wazazi walisingizia mashine ya kunyolea. Alinunua nyingine yenye sauti ndogo, ya bei ya kutia kizunguzungu. Mayowe yakawa yale yale.

Jumamosi moja mkewe alimburuta kwenye kikao cha wazazi wa watoto wenye usonji. Kilifanyika kwenye darasa la chekechea, na viti vilikuwa vya chekechea vilevile, kwa hiyo watu wazima na heshima zao walikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Aliyewaongoza alikuwa muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyelea mdogo wake mwenye usonji.

“Hapa hatutibu mtu,” alisema Muuguzi. “Tunatafutana tu namna ya kuipitisha siku. Mwenzako ameweza kumkata mwanawe kucha, na wewe uweze.”

Wazazi walizungumza. Mmoja alieleza jinsi anavyomwonesha mwanawe viatu kwanza, anaviacha, anavirudia baadaye. Mwingine alisema sokoni huenda mapema, kabla ya kelele. Kinyozi alisikiliza vikao kadhaa bila kufungua kinywa. Siku alipokifungua, hakupamba.

“Mimi mwanangu anaikimbia mikono yangu,” alisema.

Mkewe alitazama sakafu.

“Pole, baba,” alisema Muuguzi. “Sasa usituelezee. Tuoneshe. Kaa hapa, wewe ndiye Nyuki. Fumba macho, uvume kama yeye. Nani anamjua huyu akiwa kazini?”

Dereva wa lori, mzazi mwenzao na mteja wake wa miaka mingi, alinyanyuka mbiombio. Yule bwana alikuwa mchekeshaji aliyekosea kazi. Alikunja mikono ya shati. Akajitazama kwenye kioo kisichokuwepo, akavuta shavu, akakohoa kidogo, na watu wakaangua vicheko, maana alikuwa Kinyozi mtupu.

Kinyozi hakuona hayo. Alifumba macho, akavuma. Mwanzoni aliona haya. Halafu mvumo ukamjaa kichwani, ukaenea kifuani, na vile vicheko vikasogea mbali, vikawa vya nyumba ya jirani. Kulikuwa na utulivu humo ndani. Ilikuwa kama kuelea kwenye maji ya uvuguvugu, dunia inapita juu yako bila kukugusa. Kumbe ndiko anakokaa Nyuki, aliwaza. Kumbe kuzuri hivi.

PAA!

Aliruka nusura akivunje kile kiti. Dereva alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa cha meza ya mwalimu, amekikung’uta sikioni pake kwa nguvu zote.

“We mwendawazimu! Ya nini hiyo?”

“Si ndivyo unavyofanya?”

“Nani, mimi?”

“Kila siku, ndugu yangu! Kabla hujamfunga mtu kitambaa lazima ukipige hivyo, paa! Hata mimi hushtuka. Lakini nitasemaje, mtu mzima na ndevu zangu?”

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kinyozi peke yake hakucheka. Alimkumbuka fundi aliyemfunza kazi, aliyekuwa akimwambia kwamba kitambaa kisipolia, mteja hajui zamu yake imefika. Mkono wake ulilishika hilo tangu ujanani, na masikio yakaacha kulisikia. Akakumbuka na jingine, likamtoa jasho: kila mara Nyuki alipokimbia, mashine ilikuwa bado haijawashwa. Wao walishughulika na mashine, na mtoto wala hakuwa na ugomvi nayo.

“Fuata nyuki ule asali,” alisema Muuguzi, akitabasamu. “Wewe ulitaka nyuki akufuate wewe.”

Jumatatu, siku ambayo duka halifunguliwi, walikwenda wawili tu, baba na binti. Kitambaa cha dukani, kilicholetwa kufuliwa, kilibaki nyumbani, kwa kuwa mkewe alikificha. Alimjua mumewe na mkono wake. Kinyozi aliteremsha pazia nusu. Jua liliingia kwa chini, likalala sakafuni, na ndani yake vumbi la poda na vinyweleo vilipanda na kushuka bila haraka. Aliwasha mashine, akaiweka kwenye benchi ikinguruma peke yake, akaketi kwenye kiti cha wateja.

Nyuki alitazama feni. Akajitazama kwenye vioo, akaenda mbali, akarudi. Kisha akaisikia mashine. Aliinamisha kichwa. Mvumo wake ukashuka kidogo, ukapanda, ukatafuta, ukatafuta, mpaka ukakutana na ule wa mashine, na duka zima likawa sauti moja. Kinyozi hakujua ni muda gani walikaa hivyo. Alijua tu kwamba hajawahi kuwa karibu na mwanawe namna ile.

“Basi,” alisema Nyuki, na wakarudi nyumbani.

Msidhani alinyolewa siku hiyo. Wala Jumatatu iliyofuata. Ile iliyofuata aliishika mashine, akaihisi ikitetemeka kiganjani, akacheka. Na siku nyingine, baba akiwa ameketi macho yamemlemea, Nyuki alimpandia magotini akaipitisha mashine juu ya utosi wake, kutoka mbele hadi nyuma. Barabara pana, nyeupe, ikakatiza katikati ya nywele za kinyozi. Kinyozi hakutikisika. Aliona kwenye vioo vinyozi wengi wanaonyolewa na mabinti wengi, mstari mrefu usiokwisha.

Nyuki aliitazama kazi yake. Akamrudishia mashine. Halafu akaushika mkono wa baba yake, akaunyanyua, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe na kuusubiri.

Kinyozi alimnyoa huku akilia, na mikono haikutetemeka hata kidogo.

Kesho yake duka lilijaa, na mteja wa kwanza alipomwona alishika mdomo.

“Ee bwana, nani amekuharibu kichwa hivyo? Leta mashine nikusawazishie.”

“Acha kama kilivyo,” alisema Kinyozi, akimfunga kitambaa taratibu, bila mlio.

“Ama kweli, kinyozi hajinyoi!”

“Hajinyoi,” alikubali Kinyozi. “Mimi nina wa kuninyoa.”