Mawe Chini ya Baraza

Mzee Nyundo alipata jina hilo kazini, kwa sababu nyundo yake ya kuvunjia miamba haikumtoka kiunoni hata siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe. Mkewe alipenda kusimulia jinsi wazazi wake walivyodhani wameletewa fundi wa paa. Kumbe alikuwa mwanajiolojia, mtu wa kusoma ardhi kama wengine wasomavyo gazeti, na kazi hiyo aliifanya hadi mvi zikamjaa, akastaafu.

Kila aliporudi kutoka porini alileta jiwe moja nyumbani. Wanawe watatu walikua wakiyaruka mawe hayo sebuleni na kujikwaa nayo chini ya vitanda. Macho yalipoanza kufifia, yeye na mkewe walihamia kwa binti yao wa kwanza, ambaye alikuwa mwalimu. Mawe nayo yakahamia huko, masanduku kwa masanduku, yakajaza chumba kizima.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ndogo na watoto wake walikuwa wakikua. Baba yake alipolazwa kwa ajili ya macho, mama akiwa huko huko hospitali akimuuguza, fundi alikuwa akijenga baraza, akasema kifusi kimepungua. Mwalimu akamwonyesha kile chumba. Fundi aliuliza tena kama ana hakika. Akamjibu kwamba jiwe ni jiwe. Jioni mawe yote yakawa chini ya zege. Mama aliporudi akakuta chumba kimegeuzwa cha watoto, alichungulia tu, akapita.

Upasuaji haukusaidia. Mzee alirudi haoni kabisa. Haukupita muda akamwita bintiye.

"Mwanangu, niletee jiwe lolote katika yale yangu. Nataka kulishika tu."

Mwalimu angeweza kusema kweli pale pale, yakaisha. Badala yake alitoka nje, akaokota jiwe kwenye rundo la kokoto alilobakiza fundi, akalifuta vumbi na kumwekea baba yake kiganjani.

Mzee akaligeuza polepole. Akaligusisha kwenye ncha ya ulimi, kama alivyozoea kuyapima mawe maisha yake yote. Kisha akasema hilo aliliokota mwaka wake wa kwanza kazini, alipopotea bondeni akaokolewa na mbuzi waliokuwa wakirudi zizini. Alisimulia mpaka chai ikapoa.

Ikawa ndiyo kawaida yao. Mwalimu akitoka shuleni huokota kokoto, na baba humpa kipande cha maisha yake. Kwa jiwe moja alieleza jinsi habari ya kuzaliwa kwa mtoto wa kati ilivyomfikia kwa redio ya kambini, akashuka mlima kwa miguu, akafika mtoto ameshajifunza kucheka. Kwa jingine alieleza shimo la mgodi ambalo aliwaonya wakubwa wasiendelee kulichimba. Hawakusikia, likawafukia wachimbaji. Alikaa ukingoni mpaka wa mwisho alipotolewa, na tangu hapo hakutia saini kibali chochote bila kushuka mwenyewe chini.

Mwalimu hakuwahi kuyajua hayo. Alisikiliza huku moyo ukimsuta, akijiapiza kwamba kesho atasema. Kesho ikazaa kesho, hadi asubuhi moja mzee hakuamka.

Msibani walijaa madereva wa zamani na wachimba visima wenye migongo iliyopinda. Baba mdogo alipouliza nani atasimulia maisha ya marehemu, mtoto wa kati alimwonyesha dada yake, akasema wao walimsikia baba akikohoa tu, dada ndiye aliyemsikia akiongea. Mwalimu akasimama, akasimulia. Watu walicheka kwa mbuzi, wakainama kwa lile shimo. Baadaye wakamshika mikono wakimwambia kila mzazi na ajaliwe mtoto kama yeye. Kila sifa ilimchoma kama mwiba. Akakimbilia jikoni, alikokuwa mama yake akipanga vikombe.

"Mama, yale mawe hayakuwa yake."

"Najua. Na yeye alijua."

Bila kuinua macho, mama alieleza kwamba kila jiwe lake mzee alilitia tone la rangi kwa mkono wake, na kidole gumba kingelitambua hata gizani. Siku ile ya kwanza, Mwalimu alipotoka chumbani, mzee alimpa mkewe ile kokoto na kumuuliza yake yako wapi. Mkewe akamwambia alivyodhani, kwamba yako chini ya baraza.

"Akasema nisikwambie. Ukijua, utaona haya, utaacha kuja."

Mwalimu aliuliza kama ilimuuma.

"Ilimuuma. Alilia. Halafu akaniambia utakuja tena jioni, nimtafutie shati safi."

Mwalimu akakumbuka jioni alizobaki shuleni kusahihisha mitihani, na zile alizojisikia tu kuchoka. Akauliza siku hizo baba alikuwa akifanya nini. Mama akajibu kwamba alikuwa akikaa tu, na shati lake, mpaka saa ya kulala.

Wageni walipoondoka, Mwalimu aliwaeleza wadogo zake yote. Wa kati alimkumbatia, akasema baba amekwisha kusamehe, nao ni nani hata wasisamehe. Kitinda mimba alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu hakupokea simu za dada yake. Mama alitaka kuwapatanisha, Mwalimu akamsihi amwache. Katika nyumba nzima, hasira ya kijana yule ndiyo pekee aliyoweza kuipokea bila kuinamisha kichwa.