Kikapu Nyuma ya Kiti

Binti yangu ni mwandishi wa riwaya. Anaandika habari za wanawake: wanaozaa, wanaofukuzwa, wanaolea watoto wasio wao. Mwanzoni wajomba zake walikuwa wakimuuliza ataandika lini jambo la maana. Yeye aliinama tu kwenye meza yake ya dirishani, akaendelea, mpaka kitabu chake cha nne kikapendwa na wengi.

Kila sura hunisomea mimi kwanza, nikiwa na ungo wangu wa maharage. Haniulizi kama ni nzuri. Anatazama mikono yangu. Ikiendelea kuchambua, anajua pamelegea. Ikisimama, anajua pamenikamata.

Jumamosi ile alialikwa redioni asome sura ya saba, inayopendwa kuliko zote. Jirani akaniita nikasikilize kwake. Mtaani tunamwita Meneja, ingawa ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu nyumbani kwake hakisogei kitu bila idhini yake. Lakini niseme kweli, alinipokea vizuri. Aliniwekea mto mgongoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama wa mwandishi hakai kwenye kigoda," alisema. "Fundi! Chai ya mgeni iko wapi?"

Fundi ni mkewe. Hushona nguo palepale sebuleni. Cherehani iko kwenye kona, na nyuma ya kiti cha mumewe kuna kikapu kikubwa cha mabaki ya vitambaa. Kidole cha shahada cha Fundi hakikunjiki. Alisema alibanwa na mlango. Sikuwahi kumuuliza mlango gani.

Nilimfuata jikoni nimsaidie vikombe. Akanishika mkono.

"Mama, dada anasoma wapi leo?"

"Sura ya saba. Ile ya kikapu."

Kikombe kiligonga sinia. Katika sura ile mwanamke anaficha nguo zake na za mtoto, mojamoja, chini ya mabaki ya vitambaa, mahali ambapo mume hatii mkono. Siku moja mume akienda kazini, anabeba kikapu kama mtu anayekwenda kutupa takataka, na harudi.

"Kitabu alichoniazima nilikisoma mara mbili," alinong'ona. "Mama, vitu vyangu vimo mle. Vyangu na vya mtoto. Jumatatu ndiyo naondoka."

Nikachungulia sebuleni. Kisogo cha Meneja kilikuwa karibu kabisa na kile kikapu.

"Tuzime redio?"

"Atauliza kwa nini."

Nikampigia binti yangu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Redioni mtangazaji akataja namba ya wasikilizaji wenye salamu kabla ya kusoma. Fundi alianza kuibonyeza kwenye simu yangu, akakosea, akaanza upya, jasho likimtoka puani.

"Haya, tunaye msikilizaji. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mama yake huyo mwandishi."

"Ala!" Meneja aliruka huko sebuleni. "Bibi yuko hewani!" Akaja mlangoni, akaegemea, meno yote nje. Sasa alikuwa akinisikia mara mbili, mdomoni mwangu na redioni.

"Shikamoo mama," binti yangu alisema. "Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Naomba usome sura nyingine. Hiyo ya saba haina utamu."

Mtangazaji akacheka. "Mama yangu, hiyo ndiyo watu wanaisubiri!"

"Waendelee kusubiri. Mimi aliponisomea nilichambua maharage yangu mpaka mwisho. Sikusimama hata kidogo."

Binti yangu alikuwepo siku ile. Aliyaona maharage yakimwagika, na yeye ndiye aliyepiga magoti akaniokotea huku mimi nikifuta macho.

"Hukusimama, mama?"

"Sikusimama."

Meneja aliacha kucheka. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Mchapishaji wako anatikisa kichwa huku," mtangazaji alimwambia.

"Namwona," binti yangu alisema. "Nitasoma sura ya tatu. Pale mama mkwe anapomwosha nywele mkwewe aliyetoka kujifungua. Pale ulisimama?"

"Pale nilisimama, mwanangu."

Tulirudi kukaa. Binti yangu alisoma taratibu, lakini mimi sikusikia neno. Alipomaliza, Meneja aliniinamia.

"Bibi, umemharibia mwanao! Kwani hiyo ya saba ina nini?"

"Mambo ya ushonaji tu, baba."

"Ushonaji?" Akamgeukia mkewe. "Wewe si ulikuwa na hicho kitabu? Kinasemaje?"

"Nilipofika hapo nilisinzia," alisema Fundi. "Nishone mchana kutwa, halafu nisome ya kushona tena?"

Meneja akacheka. Mimi niliinua kikombe kwa haraka, chai ikamwagika sakafuni.

"Tulia, Bibi, usijiunguze. Ngoja nichukue kitambaa." Akageuka, akanyoosha mkono kwenye kikapu.

Nilivua mtandio wangu, nikautupa juu ya ile chai. "Usihangaike! Huu ulikuwa unangoja kufuliwa."

Mkono ulibaki juu ya kikapu. Kisha ukarudi.

"Mtandio mzuri hivyo," alisema kwa huruma, akanipokea kikombe.

Jioni binti yangu alirudi amechoka. Mchapishaji alikuwa amemfokea njia nzima. Yeye mchapishaji alikuwa amewaahidi watu wake sura ya saba. Binti yangu hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Mtandio wako una chai," akaenda kuuloweka.

Jumatatu asubuhi alikuwa dirishani anaandika, mimi na ungo wangu. Meneja alikuwa amekwisha pita na begi lake la kazini. Mlango wao ukafunguka. Fundi akatoka na kikapu, mtoto ameshika sketi yake. Kikapu kilikuwa kizito. Alitembea amepinda upande, akakitua, akakinyanyua tena.

Binti yangu alikitazama kile kikapu. Akageuka akatazama mikono yangu. Ilikuwa imesimama.

Akaweka kalamu chini, akatoka bila viatu. Nilimwona akimfikia Fundi na kushika mkono wa pili wa kikapu. Wakaenda pamoja, wamekibeba katikati, mtoto mbele yao, mpaka wakakata kona ya barabara kubwa.

Nilibaki nimeutazama ule mlango, nikiomba Meneja asiwe amesahau kitu nyumbani.