Kocha wa Watu wa Kongowe

Shamsia hakuutambua mwendo wa mume wake.

Mwanamume mmoja mnene alikuwa akimwigiza, akitembea kando ya mstari wa uwanja wa Kongowe, mkono wa kushoto mgongoni, kichwa kimeinama kama anayetafuta sindano mchangani. Kila baada ya hatua nne alisimama ghafla, akageuka, akawanyooshea watu kidole. Uwanja mzima ulicheka. "Ndiye yeye! Ndiye kabisa!" alipaza sauti mama mmoja huku akijifuta machozi kwa pembe ya kanga. Wazee wawili wa mstari wa mbele walishikana mikono wakitikisa vichwa. Shamsia, aliyekalishwa chini ya turubai kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, aliufuatilia mwendo ule tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hakuwahi kumwona Mwinshehe akitembea hivyo.

Eda yake ilikuwa imekwisha siku tisa tu zilizopita. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani ya nyumba yao Kisarawe, akipokea mikono ya pole na kuisikia redio ikimtaja mumewe kwa jina asilolijua: Mzee wa Kipindi cha Pili. Alikuja kuelezwa kwamba walimwita hivyo kwa sababu timu zake zilitangulia kufungwa, kisha zikashinda. Omary, mwenyekiti wa mashabiki wa Chapakazi, timu aliyoifundisha Mwinshehe, na fundi wa kuchomelea katika kiwanda kimoja kule Zegereni, alimpigia simu mara tatu kumwomba aje kwenye kumbukumbu. "Mama, bila wewe haitanoga," alisema, kama anayemwalika harusini. Shamsia alikubali, lakini si kwa ajili ya kunogesha. Alitaka kuwaona kwa macho yake watu waliokaa na mume wake siku tano za kila wiki kwa miaka kumi na moja.

Yeye alikuwa amebaki Kisarawe na mikorosho, mihogo, na mama mkwe aliyepooza upande mmoja, hadi alipomzika mwaka juzi. Mwinshehe alifika Jumatatu mchana na kuondoka Jumatano alfajiri. Nyumbani alikula, akaswali, akapalilia, akalala. Akiulizwa habari za timu alijibu, "Tunaendelea." Mkewe alipomwambia kwamba siku moja angependa kuja kuangalia mechi, alisema, "Uwanjani kuna matusi, mama Tatu." Basi Shamsia alizoea. Alijiambia kuwa ameolewa na mtu mzito wa maneno, kama wengine wanavyoolewa na mtu mfupi au mwenye kigugumizi, na kwamba hilo si kosa la mtu.

Sasa watu walikuwa wanapokezana kipaza sauti, na kila aliyekishika alimleta Mwinshehe mwingine.

Omary ndiye aliyeanza. Alikunja mkono wa shati akaonyesha kovu refu kutoka kiwiko hadi kiganja. "Mnalijua hili," alisema. "Nililazwa siku kumi na mbili. Kocha alikuja kila jioni baada ya mazoezi, akakaa kitandani kwangu, akapiga soga hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamsubiri yeye kuliko wanavyomsubiri daktari. Alinichekesha hadi nyuzi zikauma!"

Watu wakacheka tena. Shamsia alitazama mikono yake mapajani. Alipopasuliwa uvimbe, miaka sita iliyopita, Mwinshehe alikaa kando ya kitanda chake siku mbili, kimya kama nguzo. Alikuwa akimsogezea glasi ya maji, akiinuka kufunga dirisha, akirudi kukaa. Siku zile Shamsia aliona ni wema mkubwa. Leo alijiuliza soga zake alikuwa amezibania wapi.

Baada ya Omary alisimama Melkiori, aliyewahi kuwa golikipa wa Chapakazi. "Nitasema moja tu," akaanza. "Jumamosi ile tuliyokosa kupanda daraja kwa bao moja, mnaikumbuka? Ndani ya basi tulikuwa tunalia kama watoto. Kocha akasimama katikati, akaanza kuimba. Jamani, alikuwa hajui kuimba! Aliimba kutoka Morogoro mpaka hapa Kongowe, akamtaja kila mchezaji kwa jina. Mimi ndiye niliyefungwa lile bao, na mimi akanipa ubeti mzima. Siku ile ndipo nilipojua kuna binadamu wasiojua kukata tamaa."

"Baba alikuwa anaimba?" Tatu alimnong'oneza mama yake. Alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na minane, mtoto pekee wa Mwinshehe, na machozi yalikuwa yakimtiririka huku meno yote yako nje. "Mama, umesikia? Anaimba!"

"Nimesikia."

Tangu wafike, Tatu alikuwa amekumbatiwa na watu wasiohesabika, na kila aliyemkumbatia alimwachia kisa. Alivipokea vyote kama mtu anayepokea zawadi za Idi. Shamsia aliona jinsi binti yake anavyowaegemea watu hawa, na kitu kama kaa la moto kikamshuka kifuani. Alikuja kuwaonea wivu wageni, na sasa alikuwa anamwonea wivu mwanawe mwenyewe kwa kuwa amefurahi.

Chakula kikaja. Aliyeleta sahani ya Shamsia hakuwa msichana wa kugawa kama kwa wengine, bali mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mwanya, aliyetandika kitambaa mezani kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara elfu.

"Shikamoo, dada. Mimi naitwa Mwanne. Nilikuwa nawapikia vijana kule kambini Sofu." Akafunua sahani. "Nimekuwekea kisamvu. Kocha alikuwa hapitishi siku mbili bila kisamvu changu."

"Marahaba," alisema Shamsia. Akakitazama kile kisamvu, kizito kwa nazi, kinang'aa. Nyumbani kwake Mwinshehe alikuwa hakigusi. Alisema kinamjaza tumbo. Kwa miaka mingi Shamsia aliyaona majani mabichi ya mihogo yake mwenyewe yakizeeka shambani, akapika mchicha.

"Keti, Mwanne."

Mwanne akaketi ncha ya kiti. Tatu alikuwa ameitwa kupigwa picha na wachezaji, na kelele za vyombo ziliwafunika.

"Alikuwa anakulia wapi, kambini au kwako?"

Mwanne hakujifanya hakuelewa. Alitazama uwanjani, ambako vijana walikuwa wanapasha misuli moto kwa ajili ya mechi ya kumbukumbu, kisha akamrudishia Shamsia uso mzima.

"Dada, kama unaniuliza ninachodhani unaniuliza, jibu ni hapana. Mungu ni shahidi, hata siku moja. Lakini kama utaniuliza kama mimi ningetaka, hilo naomba usiniulize leo."

Shamsia alihisi hasira ikimpanda, kisha ikakosa pa kushika. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimkuta mikono mitupu.

"Kwa hiyo ulikaa naye miaka yote hiyo," alisema taratibu, "ukicheka naye."

"Nilicheka naye. Wote hapa tulicheka naye." Mwanne alizungusha kijiko sahanini bila sababu. "Lakini jina lako nimelijua kwenye tangazo la msiba. Miaka kumi na moja, dada! Tulikuwa tunamchokoza: Kocha, tuambie habari za shemeji, ni mwembamba, ni mnene, ni mkali? Anafunga mdomo kama mlango. Na Jumatatu ikifika, hata uongozi wote uje, hata mfadhili aje na gari lake, humkuti. Viongozi waliwahi kupanga kikao cha kumwongezea mkataba siku ya Jumatatu. Akawaambia wamtafute kocha mwingine." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Mimi nilikuwa napika siku hizo mbili bila mkono. Chumvi nazidisha, wali unashika chini. Nikawa najiuliza, huyo mwanamke anampa nini?"

 Shamsia alichukua kijiko akaonja kile kisamvu. Kilikuwa kitamu kweli, na utamu wake ulimuudhi.

"Mama!" Omary alikuwa amemfikia na kipaza sauti. "Sasa ni zamu yako. Ndugu zangu, tulieni! Mama atatuambia Kocha wetu nyumbani alikuwaje!"

Omary hakuwa amemwambia kwamba atasema. Shamsia alisimama, akajitengeneza mtandio. Ukimya ulioshuka haukuwa wa adabu tu. Watu walisogea. Waliokuwa wamesimama nyuma ya goli walikimbia kuja mbele, wachezaji wakaacha mpira ukabingirika peke yake, na simu zikainuliwa juu ya vichwa. Akaziona nyuso zao: Melkiori amekunja uso kama mtu anayesubiri kuambiwa matokeo, wale wazee wawili wameinama mbele, na Mwanne, kando yake, ameshikilia sahani kwa mikono miwili bila kuiweka chini. Wote walikuwa wanataka kitu. Na hamu ile iliyokuwa imewakaa machoni Shamsia aliijua vizuri, maana ndiyo aliyosafiri nayo asubuhi kutoka Kisarawe.

Hapo ndipo alipoikumbuka Jumapili.

Ilikuwa siku moja baada ya ile Jumamosi ya basi na nyimbo. Mwinshehe alitokea nyumbani bila kutarajiwa, saa nne asubuhi, akakaa kizingitini kuvua viatu. Akashindwa. Vidole vilikuwa vinatetemeka, kamba inamponyoka. Shamsia alipiga magoti akamfungulia. Bila kumtazama, Mwinshehe akasema, "Wale watu wananiamini, Shamsia, na mimi sijui ninachokifanya. Sijawahi kujua." Kisha akajilaza palepale sakafuni, kichwa chake kwenye paja la mkewe, akapitiwa na usingizi mzito. Adhana ya adhuhuri ilipita, hakuamka. Mguu wa Shamsia ulikufa ganzi na hakuthubutu kuusogeza. Alipozinduka alasiri, Mwinshehe alinawa uso, akachukua jembe, wakaenda shambani, na lile neno halikusemwa tena maisha yao yote. Shamsia hakuwahi kulihesabu kuwa ni kitu. Alidhani ni uchovu.

Sasa lilikuwa mdomoni mwake, na watu mia tano walikuwa wameacha kutafuna.

Angeweza kuwapa. Lingesambaa kwenye simu zile kabla ya jua kutua, na kufikia kesho kila kijiwe cha Kibaha kingekuwa na mtu anayejilaza chini akiigiza kutetemeka vidole, na watu wangecheka, na kulia, na kusema ndiye yeye, ndiye kabisa.

"Nyumbani," alisema Shamsia, na sauti yake ikamshtua kwa ukubwa wake kwenye spika, "alikuwa mkimya."

Kicheko kikalipuka upande wa goli. "Mama anatutania!" mtu alipiga kelele. "Kocha? Mkimya?"

"Mkimya," alirudia.

Walisubiri. Omary alimsogelea, akamwinamia kwa heshima. "Na mengine, mama?"

"Mengine ni yangu."

Akamrudishia kipaza sauti, akaketi.  Mmoja wa wale wazee akapiga makofi, polepole, na wengine wakafuata, lakini makofi yenyewe yalikuwa na kitu cha kunung'unika ndani yake. Mwanne aliiweka sahani mezani. Alimtazama Shamsia kwa muda mrefu, akainuka, akaenda zake bila kuaga, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyenyimwa.

Jua lilikuwa bado juu walipoondoka. Klabu iliwapa gari, na dereva alikuwa Ashrafu, shabiki wa Chapakazi tangu timu inacheza ligi za mchangani, ambaye tangu Kibaha mpaka Mbezi hakuacha kusimulia. Tatu alimchochea kwa maswali. Walipokata kona kuelekea Pugu, Ashrafu aliishiwa pumzi, akafungulia redio. Tatu akamgeukia mama yake.

"Mama. Hayo mengine ni yapi?"

Shamsia alitazama mashimo ya kokoto yakipita nje ya dirisha. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba hapana, na kwa kitambo ile hapana ilimkaa vizuri mdomoni. Kisha akayaona macho ya binti yake yamevimba, pua imekuwa nyekundu, na kile kicheko cha mchana kimeanza kumtoka.

"Ulikuwa chuoni," alisema. "Baba yako alikuja siku ambayo si yake."

Mbele, Ashrafu alipunguza redio. Baadaye kidogo akaizima kabisa, akawa anaendesha huku shingo imekakamaa na sikio limegeuzwa nyuma.

Shamsia aliliona sikio lile. Akasogea, akamvuta Tatu karibu, akainua pembe ya mtandio wake akawafunika wote wawili, na kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu anayehakikisha haivuki kitambaa, akaanza.